Shemeji kampima mwanangu kwa vidoti vya njano na bluu, anasema hesabu zitamshinda. Ni kweli?

Swali: "Habari mtaalamu. Nina binti wa miaka 8, yuko darasa la tatu. Shemeji yangu anasoma chuo mambo ya saikolojia na yuko kwenye utafiti wake wa mwaka wa mwisho, akaja nyumbani na laptopu akampima mtoto na testi ya vidoti, vinatokea vya njano na vya bluu kwa muda mfupi sana vinapotea, halafu mtoto anabonyeza vipi vilikuwa vingi. Maswali 30, akapata 18. Shemeji akasema namba yake ya Weber ni 0.4, yaani hisia yake ya idadi iko kama ya mtoto wa miaka minne, kwamba ni kitu cha kuzaliwa nacho na ndicho kinachotabiri hesabu za mbele. Kiukweli hesabu zinamsumbua, shuleni anapata 30, 35 kwa 100, ila kusoma anasoma vizuri tu. Baba yake sasa anasema tuache kupoteza hela za tuisheni. Kuna apu ya mazoezi ya vidoti nimeambiwa inasaidia ila ni ya kulipia. Nakosa usingizi. Ni kweli hataziweza? Ninunue hiyo apu au nimpeleke hospitali?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa kukosa usingizi, na nianze na jibu lenyewe kabisa ili uendelee kusoma ukiwa umetulia. Hapana, si kweli. 18 kati ya 30 kwenye gemu ya vidoti haiwezi kukwambia mwanao atafika wapi kwenye hesabu, na haiwezi hata kukwambia kwa uhakika hisia yake ya idadi ikoje leo hii. Apu usinunue, ntakueleza kwa nini. Ila zile 30 na 35 za shuleni hizo ndo za kuzifuatilia, maana zimejirudia, zimetoka kwenye kazi za hesabu zenyewe, na wewe mama yake unaona anavyohangaika.

Sasa tuelewane kwanza shemeji alikuwa anapima nini, kwa sababu kitu chenyewe kipo na ni kizuri sana, hakukitunga. Binadamu ana uwezo wa kukadiria idadi kwa kuangalia tu bila kuhesabu. Ukienda sokoni ukakuta mafungu mawili ya nyanya ya bei moja, mkono wako unaenda kwenye fungu kubwa kabla hujahesabu nyanya hata moja, na kama fungu moja lina 5 na jingine 10 hukosei kamwe, lakini likiwa na 9 na jingine 10 hapo unaanza kusita. Kinachoamua ni uwiano kati ya idadi mbili, tofauti yenyewe inakuja baadaye. Ndo maana 10 na 20 ni rahisi kuzitofautisha kuliko 90 na 100, japo zote zinapishana kwa kumi. Sheria hii inaitwa ya Weber, kwa jina la Ernst Weber, Mjerumani wa karne ya 19 aliyeanza kuiona kwenye kubeba uzito mikononi.

Na si ya jana. Mwaka 1871 mchumi Mwingereza anaitwa William Stanley Jevons alikuwa anarusha maharage kwenye boksi, anatupa jicho mara moja anataja idadi, halafu anahesabu kuona kama kapatia. Alirudia zaidi ya mara elfu moja. Yakiwa 3 au 4 hakukosea kabisa, kuanzia 5 ndo makosa yakaanza, na kadiri yalivyozidi kuwa mengi ndivyo makisio yalivyozidi kutawanyika. Watoto wachanga nao wanayo hisia hii, mwaka 2000 Fei Xu na Elizabeth Spelke walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita anatofautisha picha ya vidoti 8 na ya vidoti 16, ila 8 na 12 bado. Hata simba wanayo. Karen McComb na wenzake, Craig Packer na Anne Pusey, waliwapigia simba jike wa Serengeti sauti zilizorekodiwa za simba wageni, mara ya mmoja akinguruma, mara ya watatu kwa pamoja, wakaona simba wanasogelea au wanabaki walipo kutegemea wao wako wangapi na wanaowasikia ni wangapi. Utafiti huo ulitoka mwaka 1994 na mi mpaka leo naupenda kupita kiasi, maana pale hamna skrini wala kitufe, ni mnyama anaamua kama ugomvi huu anauweza.

Kwenye ubongo kazi hii inafanyika zaidi sehemu za juu kwa nyuma, kwenye mkunjo mmoja ulioko upande wa kulia na wa kushoto. Kuna seli zinazoitikia zaidi idadi fulani, tuseme 8, lakini zinaitikia kidogo pia 7 na 9, na kidogo zaidi 6 na 10. Idadi ikiwa kubwa mwitikio unazidi kusambaa. Kwa hiyo ndani ya kichwa 8 na 9 zinaingiliana, na hiyo namba ya Weber aliyokutajia shemeji ni kipimo cha huo mwingiliano, ikiwa ndogo mtu anaona idadi kwa ukali zaidi, ikiwa kubwa anaona kwa ukungu. Watu wazima wengi wako kama 0.11, watoto wadogo wanaanza juu na inashuka wanavyokua. Utafiti mmoja wa kwenye intaneti uliokusanya zaidi ya watu 10,000 wa miaka 11 hadi 85 uliona ukali unaendelea kuongezeka mpaka kama miaka 30 hivi. Sasa mtoto wa miaka 8 ana miaka zaidi ya ishirini ya kunolewa mbele yake, na hapo bado hatujasema kwamba ndani ya umri mmoja watu wanapishana sana na wote ni wazima tu.

Mpaka hapo shemeji na mimi tuko pamoja. Tunapoachana ni kwenye kupima.

Chukua hizo 18 kati ya 30. Maswali ni ya kuchagua moja kati ya mbili, yaani mtu aliyefumba macho akabonyeza tu anatarajiwa kupata kama 15. Na kwa bahati tupu, watu 100 wakifumba macho, kama 18 kati yao watapata 18 au zaidi. Upande wa pili, mtoto ambaye uwezo wake wa kweli ni kupatia 75 kwa 100 naye anaweza kabisa kuangukia 18 siku mbaya. Ukipiga hesabu ya kawaida ya takwimu, uwezo wa kweli wa binti yako kwa matokeo haya unaweza kuwa popote kati ya kama 42 na 78 kwa 100. Huo ni upana wa kutoka kubahatisha mpaka vizuri tu. Ili upana ushuke ukawa kama 54 hadi 66 ungehitaji maswali 300, na mtoto wa miaka 8 ukimpa maswali 300 ya vidoti utakuwa unapima uvumilivu.

Halafu ukitoa namba ya Weber kwenye alama chache hivyo mambo yanazidi kuyumba. Ngoja nikuonyeshe kwa mfano mmoja. Weka vidoti 8 dhidi ya 10. Kwa modeli inayotumika sana, mtoto mwenye Weber ya 0.4 anatarajiwa kupatia kama 65 kwa 100, mwenye 0.8 anatarajiwa kama 58. Kwenye maswali 30 tofauti ya 65 na 58 ni maswali mawili. Yaani mtoto akipiga chafya mara mbili, namba imeongezeka maradufu, na wewe unaambiwa kashuka miaka kadhaa. Ndo sababu wataalamu wa vipimo wanashauri siku hizi kutumia asilimia ya kupatia yenyewe badala ya hiyo namba, hasa kwa watoto, na hata hiyo asilimia itumike kulinganisha makundi ya watoto wengi. Kwenye kundi la watoto 200 chafya za huyu na usingizi wa yule zinafutana. Kwa mtoto mmoja hazifutani na chochote, zinabaki mezani unazisoma kama tabia yake.

Kuna jingine kubwa zaidi ambalo watu wa fani hii tunalibishania mpaka leo. Vidoti vikiwa vingi, kwa kawaida rangi yake nayo inakuwa nyingi kwenye skrini, vinachukua nafasi kubwa, vinabanana zaidi. Sasa mtoto anachagua kwa idadi au kwa wingi wa rangi? Ili kumzuia asitumie rangi, anayetengeneza testi anachanganya, baadhi ya maswali upande wenye vidoti vingi una vidoti vidogo vidogo na upande wenye vichache una vikubwa. Kwenye maswali hayo ya mtego mtoto lazima azuie macho yake yasikimbilie vikubwa. Mwaka 2013 Camilla Gilmore na wenzake Uingereza waliyatenga hayo maswali wakaona kwamba uhusiano na alama za hesabu ulitoka zaidi kwenye yale ya mtego, na ulikuwa unabebwa na uwezo wa kujizuia, yaani kutulia, kutofuata kinachovutia. Kwa hiyo tunadhani tunapima idadi kumbe tunapima pia utulivu. Wengine wanakataa tafsiri hiyo na wana hoja zao nzuri tu, ila hakuna anayefanya kazi hii kwa umakini atakayekwambia kwamba testi ya vidoti inapima hisia ya idadi peke yake.

Na kuna vitu vya kawaida kabisa. Je binti alishawahi kushika laptopu kabla ya siku hiyo? Kulikuwa na mazoezi ya mwanzo mpaka akaelewa kitufe kipi ni cha rangi ipi? Saa ngapi, ametoka shule na njaa? Anaona vizuri? Baba mdogo wake amekaa pembeni anamwangalia, pengine akaona aharakishe amfurahishe? Vidoti kwenye testi hizi mara nyingi vinakaa skrini kama sekunde 0.2 tu, ukipepesa macho vimepita.

Nakuomba ufanye kitu kimoja, mwombe shemeji akufungulie faili muone maswali ambayo binti alikosa yalikuwa yapi. Kama alipatia yote ya rahisi, yale ambayo upande mmoja ni mara mbili ya mwingine, akakosa yale magumu ya 9 na 10, sawa, hapo angalau alikuwa anafanya kazi tuliyodhani anafanya. Kama alikosa hata ya 5 na 10, tofauti ambayo mtoto wa miezi sita anaiona, basi si hisia ya idadi iliyoshindwa pale, ni kwamba hakuelewa, au hakuwa anaangalia, au alichoka. Mi nadhani jibu la swali hilo dogo litakwambia mengi kuliko ile 0.4.

Tuje kwenye "inatabiri hesabu za mbele". Hii imetoka kwenye utafiti wa mwaka 2008 wa Justin Halberda, Michèle Mazzocco na Lisa Feigenson, ulisomwa sana duniani na kwa haki, ulikuwa mzuri. Waliwapima vijana 64 wa miaka 14 kwa vidoti, wakakuta wanaoona idadi kwa ukali ndio waliokuwa na alama nzuri za hesabu tangu chekechea. Lakini angalia mpangilio, dada. Vidoti vilipimwa wakiwa na miaka 14, alama za hesabu ni za miaka ya nyuma. Hapo huwezi kusema vidoti vilitabiri, inawezekana pia miaka ya kufanya hesabu ndiyo iliyonoa jicho. Baadaye walikuja watafiti waliopima vidoti kwa watoto wadogo kwanza halafu hesabu baadaye, na uhusiano ukaonekana, upo, ila ni mdogo. Michael Schneider na wenzake mwaka 2017 walikusanya tafiti nyingi zenye jumla ya washiriki 17,201, wakapata uhusiano wa 0.24 kati ya vidoti na hesabu. Kwa lugha ya nyumbani, ukichukua tofauti zote za alama za hesabu kati ya watoto, vidoti vinaelezea kama sehemu 6 katika 100. Sehemu 94 ziko kwengine, kwa mwalimu, lugha, kumbukumbu, woga, mazoezi, chakula, bahati. Mtu hawezi kuchukua hizo 6 akaandikia mtoto maisha yake.

"Kitu cha kuzaliwa nacho" nayo ni nusu ya habari. Tunazaliwa na mwanzo wake, ndiyo. Kuna watu wa Amazon, Brazili, wanaitwa Mundurukú, lugha yao ina majina ya namba mpaka kama 5 tu, na Pierre Pica na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wanakadiria makundi makubwa ya vidoti vizuri karibu sawa na Wafaransa. Watu wengi wanaishia hapo kusema unaona, ni ya kuzaliwa. Lakini timu hiyohiyo ilirudi kwenye data za Mundurukú, na mwaka 2013 wakatoa matokeo kwamba waliosoma shule wana ukali zaidi kuliko wasiosoma. Shule inanoa jicho. Kwa hiyo mume wako anaposema tuache tuisheni kwa sababu hisia yake ni dhaifu, amegeuza mambo, kama kuna kitu kinachoweza kuikuza hisia hiyo ni kufundishwa hesabu vizuri. Mwonyeshe sehemu hii, na umwambie kwa upole tu, najua hataki mtoto ateseke bure na hela zenyewe za kutafuta.

Apu sasa. Mazoezi ya vidoti yanamfanya mtoto awe mzuri kwenye vidoti. Kama yanaingia kwenye hesabu za shule, ushahidi ni dhaifu na watafiti wengine waliourudia hawakuupata. Jaribio ninaloliamini kuliko yote lilifanyika Delhi, India, Moira Dillon akiwa na Elizabeth Spelke, Esther Duflo na wenzao, likatoka mwaka 2017. Watoto zaidi ya 1,500 wa chekechea, wengine wakacheza michezo ya kulinganisha idadi na maumbo bila tarakimu kwa miezi kadhaa, wengine hawakucheza. Hisia yao ya idadi ilipanda na ikabaki juu hata mwaka mmoja baadaye. Walipoanza shule, kwenye hesabu za tarakimu zinazofundishwa darasani, faida haikuonekana. Mi naona hilo limetufundisha zaidi kuliko tafiti ishirini za maabara, maana lilifanyika kwa watoto halisi wa familia zenye kipato kidogo, na liliheshimu matokeo hata yalipokuwa si yale waliyotamani. Kama apu ni ya bure na mtoto anaifurahia acheze, haina madhara. Kuilipia badala ya kulipia mwalimu, hapana.

Kinachohusiana zaidi na hesabu ni pale idadi inapokutana na tarakimu. Kwenye ule mkusanyiko wa Schneider, testi ya kulinganisha tarakimu zilizoandikwa ilikuwa na uhusiano wa 0.30, juu kidogo ya vidoti, na kwa watoto wenye shida ya hesabu picha inakuwa wazi zaidi. Huko Ubelgiji Laurence Rousselle na Marie-Pascale Noël mwaka 2007 walikuta watoto wa darasa la pili wenye shida ya hesabu walichelewa kwenye kulinganisha tarakimu lakini kwenye kulinganisha makundi ya vitu walikuwa sawa na wenzao. Upande mwingine Manuela Piazza na wenzake Italia walikuta mwaka 2010 kwamba watoto wa miaka 10 wenye diskalkulia, yaani tatizo la kujifunza linalogusa hesabu hasa, waliona idadi kwa ukali wa watoto wa miaka 5. Tafiti zote mbili nazichukulia kwa uzito, inaelekea kuna watoto wa aina zote mbili. Na hata EGMA, tathmini iliyotumika Kenya na Tanzania kupima hesabu za madarasa ya chini, sehemu yake ya kulinganisha idadi inatumia namba zilizoandikwa.

Kwa hiyo we nyumbani angalia hivi, taratibu, siku tofauti, bila kuita mtihani. Mwandikie 6 na 9, umuulize ipi kubwa, je anajibu papo hapo au anaanza kuhesabu kutoka moja? Kisha 47 na 74. Mwambie ahesabu kurudi nyuma kutoka 20. Mchoree mstari mtupu, mwanzo 0 mwisho 100, umwambie aweke alama 50 ilipo, halafu 25, halafu 8. Watoto wadogo wanasukuma namba ndogo mbali sana kulia, 8 wanaiweka karibu na katikati, lakini kwa umri wa binti yako wengi washaanza kuzipanga kwa nafasi zinazokaribia sawa. Akiwa bado anaiweka 8 katikati, hapo umepata pa kuanzia, na mwalimu wa tuisheni naye amepata.

Na dawa yake moja haina gharama. Robert Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wa chekechea wa familia maskini Marekani mchezo wa ubao wenye viboksi vilivyopangwa kwa mstari, 1 mpaka 10, vikao vinne vya kama robo saa ndani ya wiki mbili, na watoto wakapanda kwenye kulinganisha tarakimu, kwenye mstari wa namba na kwenye kuhesabu. Waliocheza ubao uleule wenye rangi badala ya namba hawakupanda. Kwa miaka 8 chora kwenye karatasi la boksi viboksi 0 mpaka 100, safu za kumi kumi, tengeneza dadu au mzunguko wa kuchagua 1 hadi 5. Jambo la kuzingatia sana ni hili, mtoto akiwa kwenye 27 akapata 3, asiseme moja mbili tatu, aseme ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini huku anasogeza kete. Ilijaribiwa njia zote mbili na hiyo ya kuendelea na namba ya kiboksi ndiyo iliyofundisha. Dakika kumi na tano, mara tatu au nne kwa wiki, akichoka mnaacha. Mwache pia ashike hela dukani, arudishe chenji, asikosolewe mbele za watu.

Hospitali? Sehemu ya swali lako hii sitaki niipite haraka. Mtoto kusoma vizuri na kushindwa hesabu kwa pengo kubwa namna hiyo kunanifanya nitake achunguzwe, bila kuhusisha vidoti. Diskalkulia ipo, makadirio mengi yanasema kati ya watoto 3 na 7 katika kila 100, na haina uhusiano na kuwa mjinga. Lakini kabla ya kufika huko, macho yapimwe na masikio yapimwe, hizo ni rahisi na mara nyingine ndo jibu lote. Uliza shuleni kama kuna kipindi alikosa masomo, alibadilisha shule, au darasa lina watoto wengi kiasi kwamba hakuna aliyegundua kwamba hajaelewa makumi na mamoja. Mtoto akikosa hilo darasa la kwanza, darasa la tatu lote linajengwa hewani, na hiyo si diskalkulia, ni shimo linalozibika kwa kurudi nyuma kufundishwa upya.

Mpeleke kwa mtaalamu ana kwa ana kama baada ya miezi mitatu mpaka sita ya kufundishwa kwa utaratibu, mtu mmoja na mtoto, bado anahesabu vidole kwa 2 na 3, bado hajui bila kuhesabu kipi kikubwa kati ya 5 na 7, anapotea kwenye saa na hela za kila siku, au shida hiyo ipo kwenye ukoo. Usisubiri hiyo miezi kama anaumwa tumbo kila siku ya hesabu, analia, anakataa shule, maana woga wa hesabu unakula kumbukumbu ileile anayohitaji kupigia hesabu na unakua kama hauguswi. Na kama kuna kitu alikuwa anakiweza akakipoteza, au ana maumivu ya kichwa ya mara kwa mara, kuzubaa ghafla, kuanguka, basi ni hospitali sasa hivi, usipitie kwa mwalimu kwanza.

Pa kuanzia kwa Tanzania ni mwalimu wa elimu maalumu kama shule au ya jirani inaye, na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yenu, atakuelekeza upimaji ulipo karibu. Ukitaka hospitali, nenda ya rufaa yenye kitengo cha watoto au cha afya ya akili uulize mwanasaikolojia. Wasomaji wa Kenya mna vituo vya EARC, vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu, ulizeni ofisi ya elimu ya eneo lenu. Upimaji unaoeleweka unachukua muda, wanaangalia hesabu, kusoma, kumbukumbu, umakini, wanaongea na wewe na mwalimu, na mtu akikupa jina la tatizo baada ya dakika kumi na testi moja tafuta mwingine.

Kwa shemeji, usimgombeze, ni mwanafunzi na mada aliyochagua ni nzuri. Ila mwambie mambo mawili. Matokeo ya mtoto mmoja kwenye utafiti hayatolewi kama majibu ya hospitali, idhini ya mzazi inaombwa kwa ajili ya utafiti, haiombwi kwa ajili ya kumpa mtoto cheo ndani ya familia. Na amwombe msimamizi wake amsaidie kuongeza maswali na mazoezi ya mwanzo kabla hajapima watoto wengine, kazi yake yenyewe itakuwa na nguvu zaidi. Binti naye kama alisikia alichosemwa, na watoto wanasikia kila kitu, mwambie kwamba ile ilikuwa gemu ya baba mdogo ya shule na imeisha.

Siku ya kwenda kwa mtaalamu beba madaftari yake ya hesabu ya mwaka huu na mwaka jana, hata yale yaliyochanika, na usimfutie makosa. Kosa la mtoto likiwa bado kwenye karatasi, kwamba alijumlisha 34 na 28 akapata 512, linaonyesha pale pale ni wapi makumi yalimpotea.